Wamechukua msimbo wako wa GPL wamegoma kutoa chanzo? Anzia hapa

Umeandika programu ukaiachia kwa leseni ya GPL (leseni huria inayomtaka anayeisambaza programu atoe na msimbo chanzo wake), siku moja unakuta kampuni imeipachika kwenye ruta inauza, ukiwaomba msimbo chanzo kimya. Inauma sana, ila usikimbilie kuwaanika mtandaoni, wakishtuka wanatoa apdeti na ushahidi wako unayeyuka.

Kanunue hiyo ruta dukani na risiti uitunze. Harald Welte, programa wa Linux (mfumo endeshi huria wa kompyuta), alipoishtaki D-Link, kampuni ya vifaa vya mtandao, kule Frankfurt Ujerumani, mwaka 2006 mahakama iliamuru arudishiwe mpaka gharama za kununua na kuchunguza kifaa. Toa programu iliyomo ndani, ipitishe kwenye strings (kifaa kinachochomoa maneno yanayosomeka ndani ya faili), tafuta maneno uliyoandika wewe tu, mfano ujumbe wa hitilafu (error) ambao ulikosea spelling, hiyo ni dhahabu kabisa maana nani mwingine angekosea herufi ileile mahali palepale?

Sasa hapa ndo wengi wanaanguka, lazima uonyeshe mistari ipi ni YAKO. Christoph Hellwig ni mtu wa Linux miaka mingi, aliishtaki kampuni ya programu ya VMware kule Hamburg, 2016 kesi ikatupwa na 2019 rufaa nayo ikagonga mwamba, swali kubwa la GPL lenyewe halikuguswa, shida ilikuwa hajathibitisha vya kutosha vipande vyake ni vipi na vimetumika wapi. Usimmwagie jaji git log nzima (orodha ya mabadiliko yote ya msimbo) ukadhani atachambua mwenyewe, yeye sio programa. Piga git blame (inaonyesha nani aliandika kila mstari), chora jedwali, mstari wako huku, wa kwao huku, tarehe ya komiti (siku mstari ulipoingizwa) pembeni. Inachosha mno lakini fanya, na kama mliandika wengi watafute wenzako mapema.

Halafu barua, ya upole, yenye kifungu cha leseni walichovunja na tarehe ya mwisho. GPL toleo la 3 mkosaji wa mara ya kwanza akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apate notisi leseni yake inarudi, toleo la 2 halina hiyo nafasi.

Wakigoma, Ujerumani zuio la haraka la mahakama linawezekana, Welte alilipata Munich 2004 dhidi ya Sitecom, kampuni nyingine ya vifaa vya mtandao, ila ukijua leo ukalala miezi hutapewa. Marekani mwambie wakili aisome kesi ya Jacobsen v. Katzer ya 2008, ndo iliyosema kuvunja masharti ya leseni huria ni kuvunja hakimiliki, sio mkataba tu.

Na amua mapema unataka msimbo au hela. Entr'Ouvert, watengeneza programu huria, waliishtaki kampuni ya simu ya Orange Ufaransa 2011, fidia wakaja kupewa 2024.