Usukani unacheza? Itafute pleyi kabla ya kushika spana

Gari langu ni Datsun 240Z la mwaka 1972, la raki na pinioni (gia ndogo, pinioni, inasukuma fimbo yenye meno, raki, ili kugeuza tairi), usukani mgumu usio na pawa. Nilipolinunua, likifika kilomita themanini kwa saa lilikuwa linatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Unazungusha usukani kidogo kwenda kulia, kimya. Unaongeza kidogo, linaruka, nawe unakimbilia kushoto kulirudisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nililala chini ya gari, nikaiona skrubu ya kurekebishia raki, nikaikaza. Pleyi, yaani kule kucheza bure kwa usukani, ikapungua na mimi nikavimba kichwa. Kesho yake nikitoka kwenye kona, usukani haukurudi wenyewe. Nilipoung'amua na kuuvuta kwa mikono, tayari tairi mbili zilikuwa ng'ambo ya mstari wa katikati. Bahati upande ule hakukuwa na mtu anayekuja.

Kwa hiyo skrubu ile iache. Tutaifikia, lakini mwisho kabisa.

Pleyi ni ule umbali ambao usukani unasogea bure kabla tairi hazijaanza kugeuka. Kwenye gari la miaka hamsini haitoki mahali pamoja: nusu milimita huku, milimita pale, mpaka zinafika mikononi mwako zimekuwa sentimita tano. Zangu zilikuwa tano kamili. Nilizipima hivi: gari limesimama chini, tairi zimenyooka, kipande cha utepe wa karatasi kwenye duara la usukani, rula imewekwa mbele yake. Unasukuma kwa kidole kimoja mpaka tairi itake kusogea, unaweka alama, unarudi upande wa pili. Andika namba hiyo. Bila namba utajidanganya kwamba gari limepona kwa sababu tu umechoka.

Kabla ya hapo lakini, angalia tairi. Zangu hazikuwa vipara hata kidogo, ila ubavuni tarakimu nne za mwisho zilisomeka 2309, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Raba ya umri huo imekauka na gari haliwezi kushika njia hata ufunge raki mpya. Pima na upepo, tairi zikiwa za baridi. Kisha kamata usukani wenyewe uutikise juu na chini. Ukicheza namna hiyo, tatizo ni nati ya usukani au bushi (kikombe cha ndani) ya kolamu, ule mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani, na hutahitaji hata kulala chini.

Sasa kazi yenyewe, na hii inataka watu wawili. Nilimkalisha mwanangu kwenye kiti cha dereva, nikamwambia atikise usukani kulia na kushoto kidogo kidogo, asigeuze tairi. Gari libaki limesimama kwa tairi zake, kwa sababu ukiliinua mzigo unaondoka na pleyi nyingine hazijitokezi. Mimi nikafungua boneti, nikaanza kufuata chuma kwa mkono kutoka juu kwenda chini. Usitegemee macho. Weka kiganja pale vipande viwili vinapokutana, kidole gumba kimoja upande huu na kingine upande ule. Kimoja kikisogea kabla ya mwenzake, umemkamata mwizi.

Kolamu inaposhuka kukutana na pinioni ya raki kuna kaplingi, kiungo cha raba kilichobanwa kati ya vyuma viwili, kazi yake kumeza mtetemo. Niliweka kiganja hapo, mwanangu akatikisa. Chuma cha juu kilizunguka, nikahisi raba inajikunja kama mkate uliolowa, halafu ndipo cha chini kikafuata. Nilipomulika tochi niliona nyufa zimezunguka kila tundu la bolti, moja pana kiasi cha kuingiza ukucha. Ukucha niliuingiza kweli. Chenga nyeusi zikabaki kwenye kidole.

Usisimame hapo kwa furaha, endelea. Nikashuka kwenye raki yenyewe. Imefungwa juu ya krosmemba, boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini, kwa vibano viwili, na ndani ya kila kibano kuna bushi ya raba. Mwanangu alipotikisa, bomba zima la raki lilitembea kushoto na kulia. Hiyo unaiona kwa macho bila kupapasa. Sababu ilikuwa juu yake: oili iliyokuwa ikivuja kwenye injini kwa miaka imelowesha bushi mpaka zimekuwa laini kama ulimi. Ukibadilisha bushi bila kuziba uvujaji, utarudi palepale.

Tairodi, fimbo zinazounganisha raki na magurudumu, nazo ni kiganja hichohicho: shika kiungo chake, mwenzako atikise. Za kulia zilikuwa nzima, ya kushoto inagonga.

Ndipo nikainua mbele. Gari likae juu ya stendi mbili, jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika tairi kulia na kushoto, kama saa tisa na saa tatu kwenye uso wa saa, uitikise: ikicheza, ni tairodi au kiungo chake cha ndani mwishoni mwa raki. Shika juu na chini: ikicheza, ni boljointi (kiungo cha gololi kinachoshika gurudumu kwa chini) au beringi ya gurudumu. Kuzitofautisha ni rahisi. Mwambie mtu akanyage breki, kisha tikisa tena. Pleyi ikipotea ni beringi, ikibaki ni boljointi. Beringi za gari hili zinarekebishwa kwa kukaza nati huku ukizungusha gurudumu, halafu unailegeza kwa kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha gari. Boljointi iliyochoka haina dawa, ibadilishe.

Kwangu mimi, basi, ilikuwa kaplingi, bushi za raki na tairodi moja. Nilianza na kaplingi kwa sababu ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya zile sentimita tano. Nyoosha tairi, funga usukani usizunguke, halafu piga mstari wa rangi unaovuka kutoka kolamu hadi kwenye shafti ya pinioni. Ukisahau mstari huo, usukani utakaa umeinama na utaanza kuhangaika na tairodi kurekebisha kosa ambalo si lao. Bolti za kubana mara nyingi zimeshika kutu. Zipulizie dawa ya kutu usiku, uzifungue asubuhi. Mimi niliweka kaplingi ya poliyurethani, plastiki ngumu kuliko raba. Inajibu haraka kuliko raba, lakini utausikia kila mchanga wa barabarani viganjani. Kama gari ni la safari ndefu na starehe, weka ya raba.

Bushi za raki ni kazi ya mchana mmoja, nusu yake ni kusugua grisi ya zamani. Bolti za vibano zikaze pande zote mbili kwa zamu.

Kuhusu tairodi kuna mambo mawili ambayo watu huyaharibu. La kwanza ni kuing'oa. Toa splitipini (pini inayozuia nati isifunguke), legeza nati ya taji, ile yenye meno juu, lakini iache imeshika nyuzi chache, kisha ligonge jicho la mkono wa gurudumu, pale tairodi inapoingia, ubavuni kwa nyundo, na nyundo nyingine nzito imeegemezwa upande wa pili. Litaachia kwa mshtuko. Ukigonga ncha ya bolti kutoka chini utaipasua kama uyoga. La pili ni urefu. Kabla ya kuifungua hesabu mizunguko wakati unaizungusha kutoka. Yangu ilitoka kwa mizunguko kumi na tisa na nusu, mpya nikaiingiza vivyo hivyo. Unapofunga nati ya taji, tundu lisipokutana na splitipini, kaza mbele mpaka likutane. Kamwe usirudishe nyuma. Na splitipini iwe mpya, ya zamani itupe siku hiyohiyo usije ukaikumbuka.

Baada ya hayo nilipima tena: sentimita moja na robo. Hapo ndipo nikarudi kwenye ile skrubu niliyoiharibu. Raki huchakaa zaidi katikati, kwa sababu meno ya katikati ndiyo yanayofanya kazi siku zote, na meno ya pembeni hubaki karibu mapya. Ukikaza mpaka katikati pasicheze kabisa, pembeni patabana, na usukani utakataa kurudi, kama ulivyonikatalia mimi. Kwa hiyo mbele ikiwa juu ya stendi, legeza nati ya kufungia, kaza skrubu kidogo sana, kisha zungusha usukani toka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Ukihisi uzito popote, rudisha nyuma. Mimi nilijikuta nimeilegeza kuliko nilivyoikuta nilipokuwa naikaza kwa pupa. Raki ambayo katikati inagonga na pembeni inabana imekwisha, tafuta nyingine.

Mahesabu ya mizunguko hayatoshi kwa alaimenti, yaani kuyanyoosha magurudumu sawasawa. Yanakufikisha kwenye mashine ya kupimia ukienda polepole, basi. Tairi za mbele zikiwa zimefunguka kwa nje hata kidogo, gari litatangatanga upya na utadhani kazi yote ni bure. Na kama umegusa bushi za mikono ya chini inayoshika magurudumu, bolti zake za mwisho zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo raba itakaa imejipinda na kukatika mapema.

Niliendesha taratibu kwanza, nikasimama, nikalala chini kukagua kila nati, nikaongeza mwendo. Kwa themanini gari lilishika njia na mkono mmoja ukapumzika. Nikafurahi, nikabonyeza honi.

Kimya.

Kaplingi ya zamani ilikuwa na kipande cha chuma kinachopitisha umeme, na honi ya gari hili hupata ethi, njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kupitia kolamu. Poliyurethani haipitishi umeme. Kwa hiyo ukiiweka, andaa na kipande kifupi cha waya laini chenye vishikio viwili, kiunge kutoka flenji ya juu hadi ya chini, kiwe na ulegevu wa kutosha kisinaswe usukani unapozunguka. Dakika kumi tu, kama kaplingi bado iko mezani. Mimi ilinichukua mchana mzima, kwa sababu nilikuwa nimeshafunga kila kitu.