Kumtuma roboti kwenye bomu: kazi ya watu watatu

Roboti hutumwa ili mtu asiende. Ndiyo sababu Waingereza walibuni roboti aitwaye Wheelbarrow mwaka 1972, kwa ajili ya mabomu ya Ireland ya Kaskazini. Utaratibu huu unafaa mjini Kampala, palipolipuka mabomu Novemba 2021, na hata kwenye njia za misafara Somalia.

Mjaribuni roboti kambini kabla hamjatoka. Nyosha mkono wake mpaka mwisho, fungua na ufunge koleo, angalia kila kamera. Pima betri za roboti na za rimoti. Kaza minyororo anayotembelea: ikilegea, akigeuka papo hapo juu ya kokoto za maramu hung'oka, naye hukwama hapo hapo. Mgeuze kwa mzunguko mpana.

Mwendeshaji hutazama skrini tu, kwa hiyo haoni anayemjia. Awepo mlinzi wake, na mtegua mabomu mwenye neno la mwisho. Pokezaneni kila dakika 30.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni kuwasha mashine ya kuvuruga mawimbi ya redio yanayoweza kulipua bomu bila kupatana na mwendeshaji: roboti wenu naye hukatika mawasiliano. Kubalianeni masafa mapema, au tumieni kebo. Kebo nayo ina shida yake: akirudi nyuma huikanyaga na kuikata.

Akifika, picha ya kamera moja haioneshi umbali. Koleo huonekana limegusa mfuko kumbe bado sentimita 10. Tazama kivuli chake: kivuli na koleo vikikutana, umefika. Saa sita mchana kivuli hujificha chini ya mkono. Washa taa ya ubavuni au tumia kamera ya pili.

Roboti wa siku hizi wana programu inayoweka alama kwenye kitu cha kutiliwa shaka. Ichukue kama dokezo tu. Jerikani la manjano liko kila kona ya Uganda. Programu iliyofunzwa kwa picha za kwingine huweza kuyashuku yote, na kuliacha lile lenye waya. Mtegua mabomu ndiye anayeamua.

Roboti akizimika karibu na bomu, asifuatwe. Inua antena, sogeza rimoti bila kuacha kinga, kisha subirini roboti wa pili. Chuma kinanunulika.

Akirudi, msimamishe mbali na mumkague kwa darubini, chini ya tumbo na kati ya minyororo, kwa maana huweza kuburuta waya au kipande cha bomu hadi miguuni penu.