Kujenga pipa la moshi baridi nyumbani, Arusha au Moshi

Kukausha kwa moshi baridi si kupika. Chakula kinapata harufu na rangi ya moshi huku chenyewe kikibaki kibichi, kwa joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipita 30, jibini huanza kutoka jasho la mafuta, na nyama inakaa kwenye joto ambalo bakteria hulipenda. Kwa hiyo ujenzi wote una kazi moja: kuweka moto mbali na chakula ili moshi upoe njiani.

Anza na pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko unaofunguka wote. Uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula, juisi au asali linafaa. Lililobeba dawa za kilimo, vilainishi au kemikali za kiwandani liache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. La petroli au spiriti usithubutu kulikata kwa grainda, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Pipa zuri nalo mara nyingi limepakwa rangi ndani, basi liwashie moto mkali wa kuni uwanjani mpaka rangi yote iungue, lisugue kwa brashi ya waya, lioshe na likauke kabisa.

Kikasha cha moto ni debe la bati la lita 20 lenye mfuniko. Toboa tundu la sentimita 3 ubavuni karibu na kitako, uweke kipande cha bati kinachoteleza ili kuongeza au kupunguza hewa. Kati ya debe na pipa panapita bomba la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita 2.5. Fundi wa mabati, awe wa Unga Limited kule Arusha au wa Majengo kule mjini Moshi, atakukunjia kwa shiti nyeusi, yaani bati la chuma lisilopakwa zinki. Bomba la zinki lisikae karibu na moto, kwa sababu zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu. La plastiki ndiyo kabisa lisitumike.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30, ulaze bomba, ulifukie. Udongo ndio unaopoza moshi. Debe likae chini, pipa juu, na kati ya mdomo wa debe na tundu la pipa pawe na tofauti ya angalau sentimita 40. Viwanja vya mteremko vya Ilboru au Kibosho vinakupa hiyo bure, ila kwenye tambarare inua pipa kwa matofali. Bomba lipande moja kwa moja bila kushuka popote. Pakiwa na bonde, maji ya moshi yatatuama hapo, na baada ya muda harufu yake kali itahamia kwenye chakula.

Tundu la bomba kwenye pipa liwe sentimita 10 juu ya kitako. Juu yake weka bati lenye matundu mengi ya milimita 8 ili moshi usambae badala ya kupanda upande mmoja. Funga bolti 4 ndani, sentimita 25 kutoka mdomoni, na nyingine 4 chini zaidi, ziwe viegemeo vya wavu. Kwenye mfuniko toboa tundu la sentimita 8 na usimamishe bomba la sentimita 40. Hapa wengi hubana wakidhani wanaokoa moshi. Moshi ukikaa ndani bila kutoka hupoa, huganda na kudondosha lami nyeusi juu ya chakula. Acha tundu wazi. Toboa pia tundu dogo la kipimajoto usawa wa wavu wa juu, na ziba maungio yote kwa udongo wa mfinyanzi.

Sasa moto, na hapa ndipo kazi inapoharibika au kufanikiwa. Kuni hazifai kwa moshi baridi, kwani zinashika moto na kuzima hovyo. Tumia maranda laini kwenye trei ya wavu. Chukua wavu wa chuma cha pua wenye matundu ya milimita 1 hivi, utengeneze trei ya sentimita 20 kwa 20 yenye njia moja inayojikunja mara tatu, upana sentimita 4, kuta sentimita 4. Kati ya njia na njia acha nafasi ya sentimita 1, la sivyo moto utaruka ukuta na kuwaka sehemu mbili. Jaza maranda bila kuyashindilia, yaishie chini kidogo ya ukingo. Washa ncha moja kwa mshumaa kwa dakika kadhaa, kisha puliza mwali uzime. Utaona mstari mwekundu mwembamba ukitambaa ndani ya maranda, nyuma yake ukiacha majivu meusi, na moshi wa samawati uliofifia. Huo ndio moshi unaoutaka. Gramu 100 hadi 150 za maranda makavu huenda saa 6 hadi 10.

Moshi mweupe mzito ni dalili ya maranda yenye unyevu au hewa kidogo, na chakula kitakuwa kichungu. Ukiona mwali, hewa imezidi, punguza kwa kile kibati. Moto ukizima katikati, mara nyingi maranda hayakukauka: yaanike juani siku nzima au uyaweke kwenye oveni yenye joto dogo.

Miti iko ya kutosha huku. Mibuni inapokatwa na kuoteshwa upya, mashina yake yaliyokauka hutoa moshi mtamu, vivyo hivyo mpera na mwembe. Epuka paina, mkaratusi na miti yote yenye utomvu wa kunata. Maranda ya karakana ya useremala ni mtego: yakichanganyika na mbao zenye gundi, rangi au dawa ya mchwa, yote yamekwisha.

Msimu nao una neno. Juni hadi Agosti usiku wa Arusha una baridi ya kutosha, na hata trei pekee ndani ya pipa bila bomba hufanya kazi. Mji wa Moshi una joto zaidi. Kuanzia Januari washa baada ya saa 2 usiku, na uweke chupa mbili za maji yaliyogandishwa chini ya wavu.

Kabla ya chakula cha kwanza, endesha pipa tupu kwa saa 4. Kisha anza na vitu visivyo na hatari: chumvi ya mawe, korosho, vitunguu saumu, jibini gumu. Jibini likatwe vipande vya gramu 250, likauke juu, lipate moshi saa 2 hadi 4, kisha lifungwe na kuwekwa kwenye friji wiki moja. Ukilionja siku hiyo hiyo utadhani umeliharibu, kwa sababu moshi bado uko juujuu.

Kitimoto kinahitaji heshima zaidi. Kwa kila kilo ya nyama ya tumbo tumia gramu 25 za chumvi, gramu 10 za sukari, na gramu 2.5 za chumvi ya kutibu nyama yenye nitraiti (sodium nitrite, si nitrate) asilimia 6.25. Pima kwa mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya gramu, kamwe usikadirie kwa kijiko, maana nitraiti ikizidi ni sumu. Usiiruke pia: ndiyo inayozuia bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Nyama ikae siku 7 kwenye friji yenye nyuzi 1 hadi 4, ikigeuzwa kila siku, isuuzwe, ikaushwe usiku mzima bila kufunikwa mpaka uso wake unate kidogo kidoleni. Uso wenye maji hushika moshi kwa mabaka na kupata uchachu. Ipe moshi saa 6 hadi 8, na usile bila kukaanga. Perege wa maji baridi usimjaribu kwa njia hii, huyo abanikwe kwa moto.