Kufumua Kitenzi: Njia ya Kuielewa Sentensi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Bagamoyo aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza, na wengi niliowasaidia masomo ya jioni walikuwa wameanza kwa kukariri aina za maneno. Majina ya aina hizo si kikwazo. Nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi tumekwisha kuzisoma katika sarufi yetu, nazo ndizo aina 8 ambazo sarufi ya kimapokeo ya Kiingereza huzitambua. Kinachotatiza ni mpangilio, na mahali pa kuanzia ni kitenzi cha Kiswahili chenyewe.

Nenda ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha ambako samaki hunadiwa, umsikilize mtu akisema, "Nimewanunulia samaki." Kiandike kitenzi hicho katika daftari, kisha ukikate vipande: "ni" ni mtenda, "me" ni hali timilifu, "wa" ni watendewa, "nunu" ni mzizi uliobeba tendo, "li" huonyesha kwamba tendo limefanywa kwa ajili ya mwingine, na "a" hufunga neno. Kiingereza hakina neno moja liwezalo kubeba mzigo huo wote, kwa hiyo huutawanya: "I have bought fish for them." Sasa unganisha kwa mistari: "ni" na "I", "wa" na "them", "li" na "for", ilhali "have" ikisaidiwa na umbo la "bought" hushika nafasi ya "me". Fumua vitenzi 10 kwa namna hii kabla ya kugusa kanuni nyingine yoyote, kwa maana asiyeona kilichomo ndani ya neno lake mwenyewe hawezi kujua anatafuta nini katika lugha ya pili.

Vipande vikishatawanywa, nafasi ndiyo inayoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, yaani kiima, ambacho kwa kawaida ni mtenda, hutangulia, kitenzi hufuata, kisha yambwa, yaani mtendwa. Sisi tunaweza kusema "Amemwona" na sentensi ikatimia, lakini Kiingereza hudai kiima kitajwe peke yake hata pale ambapo hakuna mtenda. Kwa "Mvua inanyesha" husemwa "It is raining", na hiyo "it" haimrejelei mtu wala kitu. Imewekwa ili nafasi ya kiima isibaki wazi.

Nafasi hiyo hiyo huamua hata aina ya neno. Katika "The nets are dry", neno "dry" ni kivumishi kinachosema kwamba nyavu ni kavu, ilhali katika "They dry the nets" ni kitenzi, maana yake wanazianika. Kiswahili kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo, kwa hiyo mwanafunzi wetu hutazamia kwamba kila neno lina aina moja ya kudumu. Usiulize neno ni la aina gani kabla ya kutazama lililo kabla yake na lililo baada yake.

Jambo linalohitaji subira kuliko yote ni ile "s" ya wakati uliopo mazoea. Husemwa "She sells fish", lakini swali ni "Does she sell fish?" na kanusho ni "She does not sell fish". Anayeandika "She does not sells" ameiandika alama moja mara mbili, kwa sababu "s" imekwisha kuhamia kwenye "does", nacho kitenzi kikuu kimebaki kitupu. Kumbuka kwamba kwetu pia kukanusha hugusa kitenzi mwanzo na mwisho, kama "anauza" inavyogeuka "hauzi"; tofauti ni kwamba Kiingereza huleta kitenzi kisaidizi kilibebe badiliko hilo.

Vivumishi havihitaji maelezo marefu. Lisome fungu la Kiswahili kinyumenyume, na "nyavu kubwa mbili" itakupa "two big nets". Kionyeshi hakifuati njia hiyo, kwa kuwa Kiingereza hutaka kitangulie vyote, hivyo "nyavu hizi kubwa mbili" huwa "these two big nets".