Jinsi ya kuandaa na kuwasilisha andiko la kuomba ruzuku ya utafiti chuoni

Nimefanya kazi katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania kwa muda wa kutosha kuona maandiko mazuri yakifia mikononi mwetu wenyewe, kabla hayajamfikia mfadhili. Mtafiti ana wazo, ana data za awali, ana washirika. Kilichokosekana ni barua ya rasi (mkuu) wa ndaki aliyekuwa safarini, au bajeti iliyomfikia mhasibu asubuhi ya siku ya mwisho. Inauma, hasa mwombaji anapokuwa mhadhiri kijana aliyekesha wiki nzima. Ndiyo maana katika hatua hizi utaona mambo ya ofisini yametangulia mambo ya kisayansi.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu mkononi

Lichapishe. Pigia mstari nani anaruhusiwa kuomba, kiwango cha juu cha fedha, muda wa mradi, idadi ya kurasa, gharama zisizolipwa, na saa ya kufungwa kwa dirisha.

Kwenye saa, simama kidogo. Mfadhili akiandika 17:00 sisi tunasoma saa 11 jioni, lakini ni saa 11 ya wapi? Matangazo mengi ya Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hufungwa saa 17:00 kwa saa za Brussels. Ulaya ikiwa katika majira ya joto, kwetu hapo ni saa 12 jioni. Ikiwa katika majira ya baridi, ni saa 1 usiku. NIH, taasisi ya afya ya Marekani, ina utaratibu tofauti: inahesabu saa 11 jioni ya mahali ilipo taasisi inayoomba. Niliwahi kumshuhudia mtafiti aliyetulia akiamini ana saa saba za ziada kwa kuwa Marekani bado ni asubuhi. Alipofungua mfumo usiku ule, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Andika saa ya Afrika Mashariki juu ya tangazo lako, kwa wino mwekundu.

Hatua ya 2: Ijulishe ofisi ya utafiti siku hiyohiyo

Usisubiri uwe na rasimu. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: mfadhili, tarehe, kiasi unachokusudia kuomba.

Mwombaji halisi kwa kawaida ni chuo, na chuo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa. Kwa NIH, chuo lazima kiwe kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili taasisi, ambao usajili wake huhuishwa kila mwaka, na wewe mtafiti mkuu uwe na akaunti ya eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi mtandaoni. NIH wenyewe wanashauri usajili uanze angalau wiki sita kabla. Kwa Horizon Europe chuo kinatumia PIC, namba ya utambulisho wa taasisi yenye tarakimu tisa. Iulizie ofisini, usijifungulie nyingine.

Kisha panga kalenda ukihesabu kurudi nyuma. Ratiba ninayowapa watu wangu ni hii: wiki nne kabla, bajeti iwe mezani kwa mhasibu, wiki tatu, rasimu nzima iwe kwa mkuu wa idara, wiki mbili, barua zote ziwe zimeombwa saini, siku mbili kabla, andiko liwe limeshapakiwa. Waulize mapema pia mkuu wa idara, amidi au rasi na naibu makamu mkuu wa chuo watakuwa wapi wiki hizo, na nani atakaimu.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja kabla ya kurasa ishirini

NIH wanadai malengo mahususi yatoshe ukurasa mmoja. Fanya hivyo hata kwa mfadhili asiyedai. Ukurasa ukikushinda, wazo bado halijaiva.

Tuchukue mfano wa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu, kwenye mahindi. Rasimu nyingi zinazonifikia huanza hivi: "Sumukuvu ni tatizo kubwa duniani na barani Afrika kwa ujumla." Msomaji wa mfadhili ana maandiko mengine kadhaa mezani, na sentensi hiyo haimwambii kitu. Linganisha na hii: "Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Andiko hili linauliza ni hatua ipi, kati ya kuvuna, kuanika na kuhifadhi, ambayo mkulima akiibadilisha atapunguza sumu kwa gharama anayoimudu." Hapo pana mahali, watu, swali, na dalili ya jinsi jibu litakavyotumika.

Malengo matatu yanatosha. Hakikisha hayaning'inii kwenye kamba moja. Kama lengo la pili na la tatu yanategemea la kwanza lifanikiwe, wasomaji watakuuliza utafanya nini likishindikana, na watakuwa na haki.

Hatua ya 4: Andika mbinu na bajeti kwa wakati mmoja

Wengi huandika mbinu, wakachoka, kisha wakamwachia mhasibu atunge bajeti. Mhasibu hajui shamba lako. Fungua mafaili mawili kwenye skrini moja. Kila kitenzi kwenye mbinu kidai mstari wake kwenye bajeti.

Mstari ninaourudisha kila mara ni huu: "Kazi ya uwandani: Sh 15,300,000." Hautetewi na chochote. Ufungue, ukitumia viwango vya chuo chako badala ya hivi vyangu vya mfano:

Wadadisi 4 × siku 15 × posho Sh 60,000 = Sh 3,600,000
Sampuli 240 × kupima Sh 45,000 = Sh 10,800,000
Gari: kilomita 2,400, lita moja kwa kilomita 8, lita 300 × Sh 3,000 = Sh 900,000

Jumla ni ileile, lakini sasa anayetaka kukata anajua anakata nini. Na sasa kosa linaonekana: kama mbinu inasema kaya 240 na bajeti inapima sampuli 200, msomaji makini ataliona ndani ya dakika tano na ataanza kutilia shaka mengine yote. Hata mstari wa gari hapo juu una pengo. Dereva yuko wapi? Posho yake ya siku 15 husahaulika kuliko kitu chochote ninachokijua.

Kisha kuna gharama za taasisi: umeme, uhasibu, ukaguzi, ofisi. Horizon Europe hutoa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu kazi zilizopewa wakandarasi. NIH hutoa asilimia 8 kwa taasisi zilizo nje ya Marekani. Wafadhili wengine hawatoi kabisa, na hapo unahitaji ridhaa ya chuo kwa maandishi. Nawasihi msizifute ili bajeti ipendeze. Jenereta ambayo maabara inaikosa hutoka kwenye fedha hizo.

Hatua ya 5: Vibali

Utafiti wa afya unaohusu watu unapitia kamati ya maadili ya chuo na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mshirika wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sampuli zikivuka mpaka, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Ukikusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Wafadhili wengi hawadai kibali cha maadili mkononi wakati wa kuomba, lakini wanataka waone muda wake kwenye ratiba na ada yake kwenye bajeti.

Hatua ya 6: Tafuta wasomaji wawili

Mmoja wa fani yako, mmoja asiye wa fani yako. Huyu wa pili ni muhimu zaidi. Mpe ule ukurasa mmoja, kisha mwombe akueleze kwa mdomo unataka kufanya nini. Usimsahihishe. Pale anapokosea ndipo unapopaswa kuandika upya.

Hatua ya 7: Pakia, kisha fungua ulichopakia

Baada ya kupakia, shusha kila faili kutoka kwenye mfumo na ulisome ukurasa kwa ukurasa. Nimekuta rasimu yenye maoni ya pembeni, wasifu wa mtu mwingine, na barua isiyo na saini. Mfumo wa Horizon Europe unakuruhusu kubadilisha andiko hadi dirisha lifungwe, kwa hiyo wasilisha toleo la kwanza siku mbili kabla hata kama hujaridhika nalo. Umeme ukikatika saa ya mwisho, kuna kitu kimeshafika.

Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa, na nakala ya andiko zima upeleke ofisi ya utafiti.

Hatua ya 8: Jibu likiwa hapana

Usijibu siku hiyo. Baada ya siku mbili tatu, tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya msomaji, nimebadilisha nini, ukurasa gani. NIH huruhusu kuliwasilisha tena andiko lilelile mara moja ndani ya miezi 37, na jedwali hilo ndilo litakalozaa ukurasa wako wa utangulizi. Ukimaliza kulijaza, njoo nalo ofisini kabla tangazo lijalo halijatoka.