Kabla ya Kufungua Usukani wa Land Rover ya Zamani

Land Rover ikianza kuyumba, hadi uzungushe usukani robo nzima ndipo matairi yatii, usikimbilie duka la spea. Kwenye Series II na III, zilizotengenezwa kuanzia 1958 hadi 1985, kuna terodi endi sita, yaani viungo vilivyo kwenye ncha za rodi za usukani, na mara nyingi si zote zilizokufa. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mwombe mtu atikise usukani kushoto na kulia. Wewe ingia chini, ushike kiungo kimoja kimoja. Kilicholegea vidole hukijua kabla ya macho. Kisha piga jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, tatizo ni beringi, ukibaki, ni kingi pini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia.

Nusu ya terodi endi zina tredi za kushoto, yaani hukazwa kwa kuzungusha kinyume. Muuzaji akikupa sita zinazofanana, mrudishie palepale. Nunua pia kotapini mpya, zile za kuzuia nati isilegee, na shimu za kingi pini, vibati vyembamba vya kurekebisha mchezo wake. Lile tufe la kromu nyuma ya gurudumu likiwa limeliwa na kutu, sili mpya ya kuzuia oili ni hela ya kutupa, itavuja tu.

Sasa kuna relei, silinda iliyosimama ndani ya chesisi nyuma ya grili, inayopeleka mwendo wa usukani kwenye rodi za magurudumu. Hii ndiyo inayonitia hofu. Ndani yake kuna springi nzito iliyobanwa, na ukiichomoa vibaya inaruka kama risasi. Nimewahi kuona fundi akiifungua huku ameinamia juu yake! Tayarisha klempu ya kubana bushi zake (vipande vinavyoizunguka shafti yake), gunia nene la kuifunika, na miwani. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla, kwa sababu hushikana na chesisi utadhani imechomelewa. Kama haina mchezo, usiichomoe, iongeze oili tu: fungua bolti mbili za juu, moja ya kumimina oili, nyingine ya kutoa hewa. Nyingi ni kavu tu.

Kabla ya kufungua, pima urefu wa kila rodi, pini ya kiungo kimoja hadi pini ya kingine, uandike ukutani kwa chaki. Niliwahi kuruka hatua hii, na tairi mpya za mbele zililika upande mmoja hata mwezi haujaisha. Ukimaliza kufunga, matairi yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, halafu ndipo ukaze klempu za rodi.