Goldifishi Wametaga Bila Taarifa: Namna ya Kulea Vifaranga Mpaka Wakue

Ukiamka ukakuta maji ya tangi yana povu juu na shombo isiyo ya kawaida, na goldifishi mmoja anakimbizwa na wenzake kona hadi kona, usikimbilie dukani kununua dawa. Hawagombani. Wanataga. Chungulia kwenye majani ya plastiki, kwenye mpira wa pampu na pembeni mwa kioo: utaona vijitone vyenye upana wa milimita moja na kitu, vinapitisha mwanga, vimenata kila mahali.

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Tabata, ambaye alinitumia picha ya dume lenye vipele vyeupe mashavuni akaniuliza aweke chumvi kiasi gani. Vipele vile havihitaji chumvi. Dume likiwa tayari kupanda hutoa vipele kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya ubavuni. Ugonjwa wa madoa meupe hausimami hapo, unatapakaa mwili mzima hadi mkiani. Kwa kawaida goldifishi hutaga baada ya kubadilishiwa maji mengi kwa mara moja, au hali ya hewa ikipoa mvua zinapoanza. Kwa hiyo kama jana ulisafisha tangi, jibu unalo.

Hatua ya 1: Amua utalea wangapi

Jike kubwa hutaga mamia ya mayai, pengine maelfu. Huwezi kuyalea yote ndani ya nyumba ya kawaida, na ukijaribu utawapoteza wote. Chukua jani moja au mawili yaliyojaa mayai, mengine yaache palepale. Wazazi watayala kabla ya jioni, na ndivyo inavyokuwa hata huko kwenye mabwawa.

Ila fanya haraka. Wale wazazi hawakusubiri uamue.

Hatua ya 2: Hamisha mayai

Beseni la plastiki la lita 20 au 30 linatosha. Mimi nalipenda kuliko tangi la kioo, kwa sababu ni rahisi kulisafisha na ukitazama kwa juu unaona kila kitu. Lijaze maji kutoka tangi lilelile la wazazi, kina cha sentimita 15 tu. Usiyabandue mayai, hamisha kitu yalichonatia. Weka jiwe la hewa, kile kijiwe chenye vitundu kinachofungwa mwisho wa mpira wa pampu, bubujiko liwe la polepole.

Tia methilini bluu mpaka maji yawe na samawati hafifu, ili kuvu lisishike. Dawa hii isiingie kwenye tangi kubwa, maana inaua bakteria wa kichujio wanaosafisha maji. Mayai yanayogeuka meupe hayana uhai. Yatoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la sivyo ukungu utahamia kwa majirani zake.

Kwa joto la Dar, nyuzi 25 hadi 28, yanaanguliwa ndani ya siku 2 au 3.

Hatua ya 3: Chakula, na uanze leo, mayai yakiwa bado mayai

Hapa ndipo vifaranga wengi wanapofia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Watu husubiri waone vifaranga ndipo watafute chakula. Kifaranga cha goldifishi kikianza kuogelea kina mdomo mdogo kiasi kwamba chakula cha wazazi, hata ukisage vipi, hakipiti au hakitambui kama ni chakula. Siku mbili bila kula, wanaanza kupungua. Nawe siku hizo mbili unazunguka Kariakoo.

Chakula ninachokiamini ni artemia waliototolewa leo. Ni wadudu wadogo wa maji ya chumvi, chini ya nusu milimita, wanaocheza majini, na kifaranga huvutwa na kitu kinachocheza. Mayai yao huuzwa makavu, kama vumbi la kahawia. Mengi ya makopo yanayoletwa kutoka nje chimbuko lake ni Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Huku kwetu artemia walipandwa miaka ya 1980 kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi, lakini dukani utakachokikuta ni kopo la nje, au mfuko uliofunguliwa na kupimwa kwa kijiko.

Huo mfuko wa kupimwa ndio mtego. Gramu moja ya mayai mazuri ina mayai zaidi ya laki mbili, na mengi yanaanguliwa. Mayai yaliyokaa wazi kwenye unyevu wa pwani yanafanana kabisa na mazuri. Rangi ile, harufu ile. Utakesha nayo hutapata kitu, utadhani umekosea chumvi, utabadilisha chupa, utabadilisha pampu, kumbe mayai yalikufa dukani. Ndiyo maana nasema anza leo: totoa kijiko kidogo sana kwa majaribio wakati mayai ya samaki wako hayajaanguliwa. Yakigoma, bado una muda wa kutafuta kopo jingine. Lililo zuri likifunguliwa liweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana, ndani ya friji.

Namna ya kutotoa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini, kizibo kikiwa kimefungwa vizuri. Isimamishe ndani ya jagi au uifunge kwenye mguu wa meza. Weka lita moja ya maji ya chumvi: gramu 25 za chumvi, ambayo ni kama kijiko kimoja na nusu cha mezani cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Chumvi ya dukani yenye madini joto haina shida, usiogope. Ongeza bikaboneti ya soda ya mapishi, ncha ya kijiko, kwa sababu artemia wanataka maji yenye pH (kipimo cha uchachu) ya 8 au zaidi.

Kama unakaa karibu na bahari sahau mahesabu hayo yote. Chota maji wakati bahari imejaa, mbali na mkondo wa mto au mfereji wa mitaa, yachuje kwa kitambaa, changanya vikombe viwili vya bahari kwa kimoja cha maji ya bomba yaliyolala siku nzima ili klorini itoke. Mimi sitotoi kwa njia nyingine. Ni bure na pH iko sawa tayari.

Tia robo ya kijiko cha chai cha mayai, isizidi nusu. Mpira wa hewa ufike chini kabisa, kwenye shingo ya chupa, bila jiwe. Hewa ichemke kwa nguvu mpaka hakuna yai linalotulia. Jiwe la hewa hutoa vipovu vidogo vinavyopandisha mayai ukutani yakakaukia juu. Hilo nimeliona kwa wengi. Washa taa karibu na chupa saa za mwanzo, mayai yanahitaji mwanga ili yaamke. Joto la chumbani linatosha. Njoo baada ya saa 18 hadi 24. Maji yakigeuka rangi ya chungwa, mambo yamekubali.

Umeme ukikatika, mayai yanazama shingoni yanakosa hewa. Kama mtaani kwenu ni kawaida, achana na chupa, tumia sinia pana la plastiki lenye maji yaleyale ya chumvi, kina cha sentimita mbili tu, nyunyiza mayai kidogo juu, funika nusu ya sinia kwa kadibodi. Hakuna pampu. Wakianguliwa watakimbilia upande wenye mwanga, maganda yatabaki gizani. Unapata wachache kuliko chupa, lakini unapata kila mara.

Kuvuna. Kwenye chupa, zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda yataelea, mayai yaliyogoma yatatua chini kabisa, artemia watakusanyika penye mwanga. Wamulike kwa tochi ya simu karibu na chini, kisha wavute kwa mpira mwembamba kutoka hapo katikati. Maganda usiyapeleke kwa vifaranga: wanayameza, hayasagiki, yanawaziba tumbo. Kwa kuchujia, chachi ya duka la dawa ina matundu makubwa, watapita wote. Leso ya pamba au kipande cha kanga kilichofuliwa mara nyingi kinafaa. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, peleka.

Wape mapema. Artemia akianguliwa anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai, na kwa joto letu baada ya kama saa nane ameshaanza kupoteza lishe. Ukivuna wengi, weka waliobaki kwenye friji ndani ya maji kidogo ya chumvi, watumike ndani ya siku moja. Vizuri zaidi ni kuwa na chupa mbili zinazopishana saa 12.

Sasa kuhusu kiini cha yai la kuku, maana kila mtu atakushauri: chemsha, ponda, wape. Sikubali. Vifaranga wanakula chembe chache, zinazobaki zinaoza kwenye joto la nyuzi 28, na kesho yake maji ni maziwa na beseni lote limekufa. Kama huna artemia kabisa, bora maji ya kijani, yale yaliyokaa juani kwenye ndoo mpaka yakaota mwani. Yana viumbe wadogo wa kuwasukuma siku tatu nne.

Hatua ya 4: Wakianguliwa, waache

Utaona kitu kama kipande cha uzi chenye macho mawili, kimening'inia ukutani. Hakijafa. Kinamaliza kiini kilichoko tumboni, siku mbili hivi. Usilishe. Wengine watapanda juu ya maji na kurudi: wanameza hewa ya kwanza ya kujaza kibofu cha kuelea, ndiyo sababu tuliweka maji ya kina kifupi. Juu ya maji kusiwe na utando wa mafuta.

Hatua ya 5: Lisha

Wakianza kuogelea wamelala sawa, wape artemia mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Kipimo ni matumbo: mwili wao unaonekana ndani, na aliyeshiba ana tumbo la rangi ya chungwa. Baada ya dakika kumi ukiona matumbo hayana rangi, wana njaa au artemia wako ni maganda. Artemia huishi saa chache tu kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha hufa na kuoza, kwa hiyo usimwage wengi ili "wale baadaye".

Hatua ya 6: Maji

Badilisha theluthi moja kila siku, kwa maji yenye joto lilelile. Maji ya bomba yalale siku nzima na jiwe la hewa ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Vuta uchafu kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa leso mdomoni, na toa maji kwenye ndoo nyeupe, usimwage kwenye sinki kabla hujaangalia. Kuna siku utawakuta humo.

Baada ya wiki ya kwanza weka kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Cha kuning'iniza chenye mota usithubutu, kitawavuta wote usiku mmoja. Sponji ikae kwanza kwenye tangi la wazazi wiki kadhaa ipate bakteria. Mpya ni pambo tu.

Hatua ya 7: Chakula kikavu

Wiki ya tatu anza kuchanganya unga wa chakula cha vifaranga vya sato, ule wa kuanzia unaouzwa kwa wafugaji. Ni wa bei nafuu kuliko vikopo vya maduka ya mapambo na una protini nyingi. Dagaa wa kusaga wanachafua maji, siwatumii. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri mno kwa wenye mwezi na kuendelea, lakini usivifuge kwenye ndoo yako. Dar imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na kiluwiluwi ulichokisahau kinaruka.

Hatua ya 8: Kuchagua na kupunguza

Watazame kwa juu, beseni likiwa jeupe. Wa mikia miwili utaona mkia umegawanyika sawasawa au umekunjika upande. Wenye mgongo uliopinda, wanaozunguka bila kuelekea mbele, watenge. Wakubwa sana watenge pia, kwa sababu watawala wadogo. Kwa beseni la lita 30, nikifika mwezi nabaki na kumi na tano, hapo napo naona wengi.

Usishangae kwamba wote ni wa kijivu au kijani cha tope. Goldifishi huzaliwa hivyo, rangi ya dhahabu huanza kutokea kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, na wapo ambao hawabadiliki kabisa. Shemeji alitaka kuwamwaga akidhani amepandikiziwa perege.

Kuwamwaga mtoni au bwawani ni kosa kubwa zaidi. Goldifishi si samaki wa huku, anavumilia maji machafu na anachimbua tope na kula mayai ya wenyeji.

Hatua ya 9: Kuwarudisha au kuwagawa

Kurudi kwa wazazi: mpaka wasitoshe mdomoni mwao. Ukigawa, usiwalishe siku moja kabla. Mfuko wa plastiki, theluthi maji na theluthi mbili hewa, uufunge kwa mpira, uweke ndani ya mfuko mweusi ili watulie njiani. Mpokeaji auache mfuko uelee kwenye tangi lake dakika 20, aongeze maji ya tangi kidogo kidogo, kisha awatoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje.